Bosi anataka hela yote iishie kwenye fayawoli, mimi naona tatizo liko kwenye imeili. Nakosea?

Seva_Haizimi
Habari zenu wakuu. Nipo kwenye taasisi ya ukubwa wa kati, IT tupo wawili tu na mwenzangu siku nzima anahangaika na printa na akaunti za wafanyakazi. Mkurugenzi karudi kwenye mkutano fulani kasikia habari za wadukuzi basi kaja na moto, anataka bajeti yote ya usalama iende kwenye fayawoli mpya (kifaa kinachochuja vinavyoingia na kutoka kwenye mtandao wa ofisi), ile kubwa ya kulipia leseni kila mwaka, halafu kila mtu abadilishe paswedi kila mwezi. Sasa mimi nikiangalia yanayotufikia karibu yote ni imeili, mara "akaunti yako inafungwa bonyeza hapa", mara ankara ya kampuni ambayo hatujawahi kufanya nayo biashara, na watu kibao wanasoma imeili za kazi kwenye simu wakiwa nyumbani ambako hiyo fayawoli haiwaoni kabisa. Nimwambieje mzee bila kuonekana nambishia? Na hela ikiwa ndogo nyie mnaanzia wapi?

Kobe_Mtandao
Mkuu upo sahihi ila usiende kumwambia fayawoli haina kazi, kazi inayo, shida ni kumalizia bajeti yote hapo. Mpe mfano wa Colonial Pipeline ya Marekani, wale wa bomba la mafuta, 2021. Kampuni kubwa ile, vifaa hawakukosa. Wadukuzi waliingia kwa akaunti moja ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ambayo ilikuwa haitumiki tena ila hakuna aliyeizima, paswedi yake ilishavuja, na haikuwa inaomba uthibitisho wa pili. Basi. Bomba likasimama siku kadhaa na wakalipa bitcoin 75, wakati ule kama dola milioni 4.4, na ingawa serikali ilikuja kuzinasa nyingi kati ya hizo, hasara ya kusimama ilishatokea. Mtu akija na funguo halali mlinzi wa getini atamzuiaje?

Kwa hiyo kwanza kabisa washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili, VPN na akaunti zote za wasimamizi. Mara nyingi umeshaulipia humo humo kwenye huduma ya imeili, ni kuuwasha tu. Namba ya kuthibitisha inayotumwa kwa meseji ni afadhali kuliko kukaa bila kitu, ila app inayotoa namba ni nzuri zaidi. Ile ya kubonyeza "kubali" kuwa nayo makini, Uber 2022 mtu alipigiwa arifa nyingi mpaka akachoka akakubali, washa ile inayomlazimisha mtumiaji aandike namba anayoiona kwenye skrini. Nyie wasimamizi wawili tafuteni funguo za USB, hizo hata ukidanganywa ukaingia tovuti feki zinagoma, maana zinakagua anwani ya tovuti zenyewe hazitegemei macho yako.

Na hilo la paswedi kila mwezi mwambie wazi kwamba NIST, ambao ndio wanaandika miongozo ya viwango huko Marekani, tangu 2017 wanasema usiwalazimishe watu kubadilisha kwa ratiba, badilisha ikivuja. Ukiwalazimisha wanaongeza namba mwishoni tu, mwezi huu 1 mwezi ujao 2, na mdukuzi analijua hilo kuliko hata wewe. Bora paswedi ndefu isiyotumika kwingine, na muwape programu ya kuzitunza.

Mama_Leja
Naongezea upande wa uhasibu maana nyie watu wa IT huwa mnatusahau mpaka hela iondoke 😅

Wizi mkubwa wa imeili wala hauhitaji kirusi. Kuna jamaa wa Lithuania kati ya 2013 na 2015 alikuwa anawatumia Google na Facebook ankara feki kwa jina la kampuni ya kweli inayowauzia vifaa, akafungua na kampuni yenye jina hilo hilo, wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Google na Facebook hao, sio sisi. Alikuja kukamatwa na kufungwa lakini fikiria ni ankara ngapi zilipita mezani kwa watu hakuna aliyeinua simu kuuliza.

Ya siku hizi ni mbaya zaidi kwa sababu wanaingia kwanza kwenye imeili ya msambazaji wako, wanakaa kimya wanasoma mazungumzo, ankara ya kweli ikikaribia wanajibu humo humo kwenye uzi wenu "samahani tumebadilisha benki, lipeni huku". Lugha ile ile, nembo ile ile, hata kiasi ni sahihi. Ofisini kwetu sheria ni kwamba akaunti ya benki ikibadilika lazima mtu apige simu kwa namba iliyopo kwenye faili la zamani, SIO namba iliyoandikwa kwenye hiyo imeili, na malipo yanasainiwa na wawili. Hata bosi akiandika "ni haraka nipo kikaoni" anapigiwa. Akikasirika akasirike. Na video isikudanganye, kampuni ya uhandisi ya Arup mwaka 2024 mfanyakazi wao Hong Kong alituma kama dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambacho wakubwa aliowaona walikuwa wametengenezwa na kompyuta.

Wewe wa IT ukaangalie kama kuna maboksi ya imeili yana amri ya kupeleka nakala za imeili nje bila mwenyewe kujua, hiyo ndiyo dalili ya kwanza na wengi hawaangaliagi.

chakubimbi77
Mnamtisha bure. Taasisi ndogo nani atahangaika nayo, wekeni antivairasi nzuri muendelee na kazi

Kobe_Mtandao
@chakubimbi77 nani kakwambia wanachagua? Programu hasidi ya WannaCry Mei 2017 haikuwa inauliza wewe ni nani, ilikuwa inajisambaza yenyewe kwa kila Windows yenye tundu fulani la usalama, hospitali za Uingereza zikaahirisha hadi upasuaji. Na kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu hilo, Microsoft walishakitoa Machi, miezi miwili kabla. Halafu mdogo ndio njia ya kumfikia mkubwa, maduka ya Target ya Marekani 2013 kadi za benki milioni 40 ziliibiwa na mlango ulikuwa akaunti ya fundi wao wa majokofu na viyoyozi. Antivairasi weka, lakini apdeti ndio kazi yenyewe, hasa vitu vinavyoonekana kutoka intaneti, VPN, seva ya imeili, rauta, na hiyo fayawoli yenyewe! Fayawoli isiyopata apdeti ni mlango mwingine tu.

Seva_Haizimi
Asanteni sana wadau, hapo kwa Mama Leja nimeshaenda kuangalia na boksi moja nimelikuta linapeleka imeili kwa anwani ya nje ambayo mwenyewe haitambui, nimeizima amri, nimebadilisha paswedi na sasa hivi tunafuatilia zimetoka zipi. Bosi kabadilika sura yeye mwenyewe 😂 Swali la mwisho, bakapu tunayo, kila usiku seva inajinakili kwenye seva ya pili hapo hapo ofisini. Inatosha?

diski_ya_akiba
Haitoshi mkuu. Na kwenye lile boksi kubadilisha paswedi peke yake hakumtoi mdukuzi, iondoe akaunti kwenye vifaa vyote ambako bado imefunguliwa, angalia app zilizopewa ruhusa na kama kaongeza simu yake kwenye uthibitisho.

Kwenye bakapu, hao wanaofunga mafaili na kudai hela siku hizi wanatafuta bakapu KWANZA, wanaifuta halafu ndio wanafunga vingine. Seva ya pili ikiwa kwenye mtandao ule ule na paswedi zile zile za msimamizi inaondoka nayo. Kampuni ya meli ya Maersk 2017 walipopigwa na programu hasidi ya NotPetya walipoteza seva zote za kusimamia akaunti dunia nzima isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ikapona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa haipo hewani. Ndiyo wakaanzia hapo kujenga upya. Wewe usingoje umeme ukusaidie, nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya ofisi, na angalau moja iwe imechomolewa au iko sehemu ambayo hata wewe msimamizi huwezi kuifuta kabla ya muda wake.

Halafu jaribu kurudisha. Sio faili moja, rudisha seva nzima kwenye mashine nyingine na uhesabu imechukua saa ngapi, hiyo namba ndiyo umpelekee bosi pamoja na ombi la bajeti.