Bunduki mbili za kizamani za mitutu miwili: nichukue ipi?

Kijana wa Katuba: Wandugu, kuna mzee anauza bunduki mbili za mitutu miwili. Moja ina nyundo za nje, mitutu yake ina michirizi ya kupindapinda, nzuri sana. Nyingine haina nyundo, kitako kimepasuka kidogo. Anasema zote ni za wakati wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Bei karibu sawa. Nichukue ipi?

Fundi Kamalondo: Picha iko wapi? Kalibre gani? Toa mitutu, igeuze, utuandikie alama zote za chini. Hadithi ya muuzaji achana nayo.

Kijana wa Katuba: Kalibre 12 zote. Ya nyundo ina ELG ndani ya duara, bila taji. Ya pili ina ELG yenye taji, halafu simba na PV.

Fundi Kamalondo: ELG ni alama ya kupimwa. Basi zilipimwa Liège, Ubelgiji. Taji liliongezwa 1893, kwa hiyo ya nyundo ni ya kabla ya hapo. Simba na PV ni alama ya kupimwa kwa baruti isiyo na moshi. Tafuta pia herufi ndogo ya mwaka, zilianza 1922 kwa a. Ukiikuta, Leopold alishakufa tangu 1909.

Mwana Kipushi: Chukua ya nyundo! Hiyo ni damaski, chuma na feleji vimesokotwa pamoja. Siku hizi nani anatengeneza kitu kama hicho?

Baba Ruashi: Mwana, tulia. Shemeji yangu alirithi damaski. Tukaenda kuwinda kanga upande wa Kasenga, akatia risasi mpya za dukani. Mtutu wa kushoto ukapasuka mbele kidogo ya chumba cha risasi, pale pale mkono unaposhika. Mpasuko ulifuata mchirizi, na ndani ya maungio kutu tupu. Nje ilikuwa inang'aa! Vidole viwili havikunji mpaka leo.

Mwana Kipushi: Lawama ni ya risasi, Papa. Hata mtutu mpya unapasuka ukiwa na matope mdomoni.

Mama Kenya: Na hati? Polisi hawasomi ELG.

Kijana wa Katuba: Anasema hati iko kwa mtoto wake, Likasi.

Mama Kenya: Eheee.

Fundi Kamalondo: Pima urefu wa vyumba vya risasi. Vya zamani vingi ni milimita 65, risasi za leo nyingi ni 70, ndefu mno kwa vyumba hivyo. Na usiguse msasa, utafuta alama na thamani.

Baba Ruashi: Thamani gani ya bunduki isiyopigwa?

Mwana Kipushi: Ya ukutani, Papa. Kwani kanga bado wako huko Kasenga?