Cavendish, Kittel au Girmay: sprinta chipukizi wa baiskeli afuate njia ipi?

MtegeaUpepo: Wakuu, tulinganishe bila ushabiki. Cavendish: ameshinda hatua 35 (hatua ni mbio za siku moja) za Tour de France, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi mara mbili (2011, 2021). Kittel: hatua 14, kijani hana. Girmay wa Eritrea: hatua 3 pamoja na kijani, zote 2024. Kijana mwenye kasi ya kumalizia ajengwe kwa mfano wa nani?

gia54x11: Kittel. Mtu wa 1.88 m, nguvu tupu. Barabara ikiwa pana na imenyooka, humpiti.

BiPedali: Ikipanda je? Kila hatua ina muda wa ukomo. Ukiuvuka unaondolewa mashindanoni. Mwili uleule uliompa ushindi tambarare ndio unaomlemea milimani. Na 2017 alishinda hatua 5, akajitoa hatua ya 17 akiwa na jezi ya kijani mgongoni, ikaenda kwa mpinzani wake Matthews. Kittel alistaafu 2019 akiwa na miaka 31.

Cavendish ana 1.75 m tu. Silaha yake ilikuwa kulala: viwiko vimekunjwa, kichwa karibu kabisa na usukani. Penye kasi ya 65 km/h adui ni hewa. Kuongeza kasi kwa 10% kunadai nguvu zaidi kwa takriban 33% dhidi ya hewa hiyo, kwa hiyo anayejikunja vizuri anahitaji wati chache kuliko jitu lililokaa wima.

Mvutaji_wa_mwisho: Msisahau treni, yaani wenzako wa timu wanaokuvuta wakikukatia upepo, maana hapo ndipo sprinti nyingi zinapofia. Enzi za Cavendish akiwa timu ya HTC, wenzake walishika mbele kilomita za mwisho, na mvutaji wa mwisho, Renshaw, akamwachia kwenye mita 200 hivi. 2021 na 2024 kazi hiyo ilikuwa ya Mørkøv. Mvutaji akiishiwa mita 400 kabla ya mstari, sprinta ana mawili: aanze mapema afe mita 50 za mwisho, au asubiri afungiwe kwenye uzio. Upepo ukitoka mbele, chelewa hadi mita 150. Ukitoka nyuma, hata 250 inawezekana.

MtegeaUpepo: Asiye na treni?

BiPedali: Basi Girmay. Kwenye Tour ya 2024, hatua tambarare ilimpa mshindi pointi 50, wa pili 30, wa tatu 20. Sprinti ya katikati, mstari wa pointi ulioko njiani, ilitoa 20 kwa wa kwanza. Anayevuka vilima na kundi kuu anaokota pointi siku ambazo masprinta wazito wako nyuma wanapigania muda wa ukomo. Sagan, sprinta aliyeweza vilima, alimaliza Tour Paris na kijani mara 7 kwa hatua 12 tu za maisha yake yote! Girmay naye alishinda Gent–Wevelgem 2022, mbio zenye kupanda kilima cha Kemmelberg.

gia54x11: Sawa, nimekubali nusu. Ila mazoezi yafanane na mbio: sprinti 6 za sekunde 12–15, mapumziko dakika 5, ziwekwe baada ya saa 3 au 4 za kuendesha. Ukizifanya ukiwa mbichi unapima kipaji tu. Na msikimbilie meno makubwa: 54x11 (meno 54 mbele, 11 nyuma) kwa mizunguko 110 ya pedali kwa dakika tayari ni kama 68 km/h. Wengi hubadili gia wakiwa wamesimama wanakanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unaruka. Badili kabla hujainuka.