Mjamzito kwenye jiko la hoteli: jibini zipi nile, zipi niache?

Mpishi wa Nungwi
Asalaam aleikum wapendwa. Nina mimba ya miezi minne na kazi yangu ni jikoni, upande wa vitu baridi, hoteli moja kaskazini ya Unguja. Kila asubuhi napanga sinia la jibini: cheddar, feta, mozzarella, brie na ile yenye mishipa ya buluu. Kuonja ni sehemu ya kazi, na bufee ikivunjwa, yaliyobaki ndiyo chai yetu wafanyakazi. Nesi wa kliniki kaniambia niache maziwa mabichi. Nilipomuuliza habari ya jibini akacheka, "hizo za wazungu sizijui". Mama mkwe ndiyo keshapiga marufuku zote, na mimi mkate na jibini ndiyo kitu pekee kinachokaa tumboni. Mwenye ujuzi anisaidie.

Bi Mkubwa
Mwanangu, mie nimezaa sita. Maziwa tulikunywa yanatoka povu bado, na wote wazima. Mnajitia hofu tu.

Fundi Jibini, Njombe
Shikamoo bi mkubwa. Waliozaa salama tunawaona. Waliotoka mimba wengi hawakuambiwa sababu. Ng'ombe mwenye brusela, ugonjwa unaopita kwenye maziwa mabichi na kuweza kuharibu mimba, anatoa maziwa meupe mazuri tu.

Dada, mimi natengeneza jibini, kwa hiyo sikukatazi zote, biashara yangu itakufa. Unayemkwepa ni bakteria aitwaye listeria. Bakteria wengi friji inawalaza, huyu anaendelea kuzaana humo humo pole pole, ndiyo maana "ilikuwa kwenye baridi" si kinga. Anachoogopa ni moto. Sisi wadogo tunapasha maziwa nyuzi 63 kwa nusu saa, wenye mitambo mikubwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Soma lebo: ukiona pasteurized, yaani maziwa yalipashwa moto hivyo, basi feta, mozzarella na jibini ya kupaka kula. Cheddar na parmesan usiziwaze, ni kavu, zina chumvi, zimekaa muda mrefu, listeria hapati pa kustawi.

Brie na camembert ndizo za kuacha, hata kama maziwa yake yalipashwa moto. Ule ukungu mweupe wa juu unapunguza ukali wa asidi na ndani kunabaki majimaji, kwa hiyo listeria akiingia baadaye, kupitia kisu au ubao, anakuta nyumba imeshapangwa. Ile laini ya buluu nayo iache. Kuonja mwachie mwenzako, na cheddar yako ikate kwa kisu kingine.

Halafu usiitazame jibini peke yake. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 listeria aliua watu zaidi ya 200, na chanzo kilikuwa polony, ile soseji nene inayoliwa baridi. Hizo nyama za vipande baridi zilizo jirani na sinia lako zinanitisha kuliko feta.

Mama Lyon
Naongezea kwa sisi tulio Ufaransa: lebo ikisema lait cru, hayo ni maziwa mabichi. Brie de Meaux halisi hutengenezwa kwa maziwa hayo, kwa hiyo kama kwenye stoo yenu ipo, usiilambe hata kidole. Mkunga wangu comté, jibini ngumu ya huku, aliniruhusu, ila nikate ganda kwanza.

Mpishi wa Nungwi
Ahsanteni sana. Nimekwenda stoo kusoma: ndoo ya feta imeandikwa pasteurized, mozzarella pia. Brie nikiiweka kwenye oveni je? Tunayo ya kuoka na asali, wageni wanaigombania.

Fundi Jibini, Njombe
Ikitokota mpaka katikati na inatoa moshi, kula. Ikilegea pembeni tu huku moyo wake vuguvugu, bado.

Na hili mshike hata msio na habari na jibini. Mjamzito akipata homa na mwili kuuma, huku kwetu anapimwa malaria, ikikosekana anapewa dawa ya U.T.I. anarudi nyumbani. Listeria kwa mama anaweza kuonekana kama mafua tu huku mtoto tumboni ndiye anayeumia, na homa inaweza kuja wiki kadhaa baada ya kula. Kwa hiyo ukipata homa usimeze Panadol ukalala. Nenda hospitali, mtajie daktari ulichokula, muulize kama damu inaweza kuoteshwa maabara kumtafuta bakteria huyo. Dawa zake zipo, ni antibiotiki za kawaida, ila zinataka kuwahiwa.

Bi Mkubwa
Haya, na mtindi wa kuganda wenyewe?

Fundi Jibini, Njombe
Maziwa yachemshwe kwanza, bi mkubwa, ndiyo yagandishwe.