Picha ya mzee wa stesheni, niuze au niache? Naombeni ushauri
Wakuu habari, mi napiga picha za harusi hapa Mwanga, Kigoma, ila jioni huwa nashuka stesheni kupiga sura za watu wanaolala nje, na siwavizii, tunakunywa kwanza kahawa ndo naomba. Kuna mzee anatandika maboksi barazani, juzi nikamwonyesha picha yake, akafuta kioo cha kamera na shati, akaangalia weee, "kumbe nimezeeka hivi", afu akasema nisiirushe mtandaoni, wanawe Kasulu wanajua yuko Dar kazini. Sasa mteja anataka kuitundika hotelini kwake. Niuze nimpe mzee chake au ni yale yale tu? Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hapa? Mteja anataka jibu Ijumaa.