Lamy 2000 imeangukia nibu: niitume kiwandani Ujerumani, na pistoni nifanyeje?

mkono_shoto:
Habari wakuu. Nina kalamu ya wino ya Lamy 2000, nibu (ncha ya kuandikia) ya F, yaani nyembamba. Imeniponyoka ikaangukia nibu kwenye sakafu ya saruji. Meno ya nibu yameachana, la kulia limepinda kwenda juu karibu nusu milimita, na likigusa karatasi linakwaruza. Isitoshe, pistoni ya kuvutia wino imekuwa ngumu kuzungusha tangu wino ukaukie ndani. Risiti ya duka la Ujerumani ninayo, ina miezi 14. Niko Mwanza. Je, waranti inahusika hapa? Nikiituma Heidelberg, kiwandani kwa Lamy, nifuate utaratibu gani ili ikirudi nisitozwe ushuru kama wa kalamu mpya? Na pistoni niishughulikie mwenyewe kwanza au niwaachie?

nibu_na_wino:
Pole mkuu. Waranti usiitegemee. Sheria ya Umoja wa Ulaya inambana muuzaji kwa miaka 2, lakini kwa kasoro iliyokuwamo siku unakabidhiwa bidhaa. Kuanguka hakumo. Waandikie kiwanda ukweli tangu mwanzo, kwa sababu fundi akiitazama nibu kwa lenzi anaona jino lilivyopigwa. Omba makisio ya gharama.

Kabla ya kutuma, tafuta lenzi ya sonara ya 10x uangalie ncha. Kila jino lina nusu ya kitone cha madini magumu, ndicho kinachosugua karatasi. Nusu zote mbili zikiwapo, nibu inanyoosheka. Moja ikiwa imemeguka, hapo ni kubadilisha nibu, na afadhali ujue mapema kwa sababu bei ni tofauti kabisa. Nibu ya kalamu hii ni dhahabu ya karati 14, si chuma.

Koleo usiliguse. Dhahabu ikikunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa inakakamaa, halafu inapata ufa mwishoni mwa mpasuko ulio kati ya meno mawili. Na kwenye 2000 sehemu kubwa ya nibu imefunikwa na lile gamba la chuma, kwa hiyo hata pa kushika hakuna. Sonara naye usimpelekee: moto wake unalegeza dhahabu, nibu inapoteza mnepo.

Kama ingekuwa Lamy Safari ningekwambia usihangaike na posta. Nibu yake ya chuma inavutwa kwa kipande cha selotepu, unachomeka nyingine, umemaliza. Pelikan M200 na M400 nazo, nibu pamoja na ulimi wake (kipande cha chini kinachopitisha wino) zinafunguliwa kama bolti na zinaingiliana. 2000 haikuundwa hivyo.

mama_karatasi:
Kuhusu pistoni: isafishe mwenyewe, usiitume na wino. Ikifika na wino uliokauka watakulipisha kazi ya kusafisha, na ikivuja njiani inachafua kila kitu.

Chukua maji ya kawaida ya uvuguvugu, yasiwe moto. Vuta na kutoa mara 20 hivi hadi yatoke meupe. Yakiendelea kutoka na rangi, changanya sehemu 1 ya amonia ya nyumbani na sehemu 10 za maji, tone moja la sabuni ya vyombo, vuta ndani, acha saa 1, kisha suuza kwa maji matupu. Amonia isikutane na jiki hata kidogo, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Spiriti pia hapana, inaharibu plastiki za kalamu nyingi.

Ikishakuwa safi na bado ngumu, tatizo ni ukavu. Fungua sehemu ya mbele ya chuma kwa mkono, taratibu. HAPO ANGALIA: kati yake na mwili kuna pete nyembamba yenye masikio mawili. Masikio hayo ndiyo yanayoshika kofia. Fungulia juu ya sahani, maana pete ikidondokea kwenye zulia umeshaipoteza, na bila hiyo kofia haikai. Zungusha pistoni irudi nyuma kabisa, paka grisi safi ya silikoni kwenye ukuta wa ndani kwa kijiti cha meno, kiasi cha nusu punje ya mchele. Peleka pistoni mbele na nyuma mara kumi, futa iliyozidi. Grisi ikifika kwenye ulimi, wino hautapita vizuri.

Mafuta ya mgando hapana, yanatokana na mafuta ghafi na yanaharibu mipira. WD-40 na mafuta ya kupikia vilevile.

peni_tupu:
Si rahisi zaidi kung'oa pistoni yote kwa nyuma? Kalamu za TWSBI huja na spana yake kabisa na grisi ndani ya boksi.

mama_karatasi:
TWSBI 580 na Eco zimeundwa zifunguliwe na mwenye kalamu, ndiyo maana wanakupa spana. 2000 ukilazimisha nyuma unaacha mikwaruzo kwenye Makrolon (plastiki ya mwili wake), na kiwanda kikiona alama za vifaa kinaweza kusema umeharibu mwenyewe. Ingia kwa mbele tu, ndugu yangu.

bandari_kavu:
Nijibu la forodha, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitu kilichotoka kwenda kutengenezwa kikirudi hutozwa kwa gharama ya matengenezo, si kwa thamani yake yote. Sharti ni kwamba uwe umemwarifu afisa wa forodha kwa maandishi KABLA hakijatoka, na akikague. Ukisahau hatua hiyo, kalamu inarudi bila ushahidi kwamba iliwahi kuwa yako hapa.

Kwa hiyo: barua fupi nakala mbili, picha ya kalamu, nakala ya risiti, na barua pepe ya kiwanda inayokubali kuipokea. Nakala moja igongwe muhuri ubaki nayo. Posta ujaze CN23, fomu ya tamko la forodha. CN22 ni ya vifurushi vya thamani ndogo, na kalamu ya dhahabu usiitie huko. Kwenye maelezo andika kwa Kiingereza au Kijerumani kwamba ni kalamu iliyotumika, inakwenda kutengenezwa na itarudishwa, msimbo wa forodha 9608.30. Usiandike kwamba ni zawadi, wala usishushe thamani: ikipotea utafidiwa kile ulichoandika. Maelezo hayo yanasaidia na upande wa Ujerumani, la sivyo wanaweza kudai VAT yao ya asilimia 19 mlangoni. Kiwanda nacho ukiombe kiandike kwenye ankara ya kurudisha gharama ya matengenezo peke yake.

nibu_na_wino:
Nyongeza ya ufungaji. Bahasha hapana, mashine za kupanga barua zina rola zinazovunja kalamu. Kata bomba la PVC la inchi 1, urefu sentimita 18, ingiza kalamu ikiwa imefungwa kofia na kuviringishwa karatasi laini, ziba ncha zote mbili kwa selotepu, kisha weka kwenye boksi lenye sentimita 5 za karatasi za kukunja kila upande. Boksi la asili baki nalo nyumbani.

Ndani weka barua: anwani, simu, barua pepe, tatizo kwa mistari mitatu, na kiwango cha juu cha euro ambacho wakikifikia waendelee bila kukuuliza. Weka pia karatasi uliyoandika kwa kalamu hiyo, mstari wa 8 8 8 8 inatosha. Inamwonyesha fundi jino linakwama ukielekea wapi, na kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto hilo ni muhimu zaidi kwa sababu anasukuma nibu badala ya kuivuta. Kiwanda kikiamua kubadilisha nibu badala ya kunyoosha, hapo ndipo pa kuomba saizi nyingine ukitaka.

mkono_shoto:
Asanteni sana. Nimeangalia kwa lenzi, nusu zote mbili za kitone zipo. Grisi ya silikoni niitafute wapi? Maduka ya spea wananipa ya magari.

mama_karatasi:
Ya magari nyingi zina mafuta mengine ndani, soma lebo: iwe silikoni asilimia 100. Uliza wanaouza vifaa vya kuzamia baharini, Zanzibar au Dar, maana o-ringi (pete za mpira) za tochi na kamera zao zinapakwa hiyo hiyo. Kichupa cha gramu 5 kitakutosha miaka. Ila pistoni ikilainika kwa maji peke yake, usiifungue kabisa kabla ya kuituma.