Tupeane uzoefu: manesi mlioko nje, mshahara wako unaamuliwa na nini?

Sista Mzizima: Wapendwa, mdogo wangu kamaliza uuguzi. Wakala kamletea mkataba wa Ghuba, mwenyewe roho iko Uingereza. Naanza na yangu. Niko Uingereza mwaka wa nane. Kwenye karatasi, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali huku, haina mweupe wala mweusi: tangu 2004 mishahara inakwenda kwa bendi, yaani ngazi za mshahara, na nesi aliyesajiliwa anaanzia ya 5. Kazi iko kwenye kutoka hapo. Wasichana weupe watatu nimewafundisha wodi mimi, mpaka namna ya kumbembeleza mzee anayekataa dawa. Wawili sasa wako bendi ya 6 na ndio wananipangia zamu. Usaili nimefanya mara nne, kila mara naambiwa sijiamini vya kutosha. Krismasi ya nane hii, niko zamu ya usiku.

Mwana wa Likoni: Dada, nyie angalau mnafichwa. Mimi huku Ghuba, hospitali ya binafsi, niliambiwa kavukavu: mshahara unafuata pasipoti. Wodi moja, saa 12 zile zile, Mwingereza anapokea karibu mara tatu yangu na nyumba kapewa peke yake. Sisi Wakenya wanne chumba kimoja. Kichekesho, huyo Mwingereza ni mweusi tii, wazazi wake Wanigeria! Wagonjwa wanamdhania mfagizi, mwisho wa mwezi anatuzidi wote.

Binti Shangazi: Haya hayakuanza leo. Shangazi yangu alikwenda Uingereza miaka ya 60, akaingizwa kozi ya miaka miwili, SEN (nesi wa daraja la chini), badala ya SRN (nesi kamili) ya miaka mitatu. Hakuna aliyemweleza tofauti. Wenzake darasani wengi walitoka Karibi na Afrika. Ukiwa SEN kupanda cheo ni ndoto, na kuna nchi hazikukitambua kabisa cheti hicho. Aliyajua hayo alipotaka kurudi nyumbani.

Kiboko ya Zamu: Mnamtisha mtoto wa watu. Mimi niko bendi ya 7 na ni mweusi vilevile. Tangu 2015 hospitali za NHS zinatakiwa kutoa takwimu za WRES, kipimo cha usawa wa rangi kazini: weusi wangapi wako bendi ipi. Azisome kabla hajasaini, basi.

Sista Mzizima: Hongera kaka. Kwenye jopo la usaili wako alikuwepo nani?

Kiboko ya Zamu: Matroni Mghana. Haya, nimekusoma.