Mjadala: Wanaolalamikia filamu za uchu wa makampuni wanadai burudani au wanadai haki?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, kila inapotoka filamu huru ya taharuki, yaani iliyotengenezwa nje ya studio kubwa, inayosimulia ulafi wa kampuni kubwa, watazamaji hugawanyika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi moja husifu ujasiri wa watengenezaji waliofanya kazi kwa fedha kidogo. La pili hulalamika kwamba limekaa karibu saa mbili likitazama watu waliovaa suti wakizungumza vyumbani, na mwishowe mwovu akaondoka na fedha zake. Mfano ninaouleta ni Margin Call ya mwaka 2011, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji J.C. Chandor, iliyogharimu takriban dola milioni 3.5 na kupigwa picha kwa siku 17, sehemu kubwa ikiwa katika ghorofa moja ya jengo la ofisi jijini New York. Benki ya uwekezaji inagundua usiku kwamba hati zitokanazo na mikopo ya nyumba ilizojirundikia zinaweza kuifilisi, na kulipokucha inaanza kuwauzia wateja wake mali ambayo yenyewe inajua kwamba haina thamani.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya mswada bora wa asili, lakini lawama ya kwamba "hakuna kinachotokea" haijaisha. Mimi naiona lawama hiyo kuwa ya kimakosa, kwa sababu uhalifu wa aina hii hutendeka hivyo hivyo: kwa kikao, kwa simu na kwa saini. Hapa bajeti ndogo haikuipunguzia hadithi chochote, kwani hata angepewa fedha mara kumi, mwongozaji angehitaji meza ile ile na watu wale wale wanaoogopa kutazamana usoni.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, umeitetea filamu vizuri lakini umemsahau aliyelipa kuitazama. Mtazamaji halipi nusu ya bei ya tiketi kwa sababu mtengenezaji alikuwa na fedha nusu. Tena filamu ikinadiwa kuwa ya taharuki, imetoa ahadi, na trela nyingi za filamu hizi hukusanya kila mlango uliobamizwa na kila sauti iliyopazwa, zikaacha mazungumzo ambayo ndiyo filamu yenyewe. Kampuni ya CinemaScore ya Marekani huwahoji watazamaji usiku wa kwanza wa maonyesho na kutoa alama kuanzia A+ hadi F. Mwaka 1999 The Blair Witch Project, filamu ya kutisha ya bajeti ndogo mno, ilipewa C+ pekee, ingawa baadaye iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Nadhani wengi waliingia wakitarajia kumwona mchawi, na hawakumwona. Kwa maoni yangu alama hizo hupima umbali uliopo kati ya kilichotangazwa na kilichoonyeshwa, na anayepaswa kulaumiwa kwa umbali huo ni aliyetangaza.

Mchangiaji wa pili:
Nitasema moja tu. Picha yenye giza naivumilia, na ofisi yenye wafanyakazi wanne inayodaiwa kuwa makao makuu ya kampuni ya kimataifa naivumilia pia, ila sauti mbovu siivumilii. Taharuki ya maneno isiyosikika maneno yake haina utetezi, iwe imetengenezwa kwa fedha kiasi gani.

Mchangiaji wa tatu:
Suala zito kwangu ni mwisho. Watazamaji wanataka mkurugenzi afungwe pingu, na filamu inawanyima. Lakini Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, iliomba ulinzi wa kisheria wa waliofilisika tarehe 15 Septemba 2008 ikiwa na madeni yanayozidi dola bilioni 600, na baada ya msukosuko ule wa kifedha vifungo vya wakubwa wa mabenki nchini Marekani vilikuwa haba. Kilichotajwa sana ni cha miezi 30, alichopewa ofisa mmoja wa benki ya Uswisi ya Credit Suisse mwaka 2013. Filamu inayomfunga kila tajiri inadanganya. Hata hivyo nawaonya waandishi wa miswada wasiojisumbua: Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka mwaka 2001, alihukumiwa zaidi ya miaka 24 mwaka 2006, ingawa kifungo hicho kilipunguzwa hadi miaka 14. Kumwachia mwovu kwa sababu tu huonekana ni ukomavu wa kisanaa ni uvivu kama ulivyo uvivu wa kumfunga ili watazamaji wapige makofi.

Mleta mada:
Nakubali hoja ya trela bila masharti, na ya sauti pia. Kuhusu mwisho, namuunga mkono mchangiaji wa tatu, ila naongeza kwamba mwovu anaweza kuachiwa na sheria bila kuachiwa na hadithi. Katika Margin Call, mkuu wa wauzaji aliyepinga mpango ule anaishia kuutekeleza na kubaki kazini kwa kuwa anahitaji fedha, kisha tunamwona usiku akichimba kaburi la mbwa wake kwenye uwanja wa nyumba ambayo si yake tena, huku aliyekuwa mkewe akimwambia kwamba anakwenda kulala. Anayeona kwamba hakuna adhabu katika tukio hilo atueleze ni adhabu gani angeiweka badala yake, bila kuwaita polisi.